Zamu ya Maji

Kwa sisi Wasambaa, chochote kilicho chini ya mlima ni nyika. Mombo ni nyika, Korogwe ni nyika, na mama yangu, aliyelima mboga bondeni karibu na Lushoto maisha yake yote, aliiita hata bahari nyika. "Baba yenu aliahidi kunipeleka ile nyika yenye maji," alikuwa akisema.

Kabla ya kumwoa, baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga. Jumapili alikwenda ufukweni, mahali ambapo ukuta mrefu wa mwamba wa chokaa unasimama juu ya mchanga. Alituhadithia jinsi maji yalivyokuja kuugonga ukuta ule, na hapo alikunja ngumi akapiga meza taratibu: ndu, halafu kimya, halafu ndu. Mama aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza. Safari iliahirishwa kila mwaka. Mara kabichi, mara ada za shule, mara mvua imekata barabara. Baba akafariki hawajaenda.

Mwaka juzi nikampeleka mimi. Kijana jirani yetu alituendesha kwa gari lake. Tulitoka alfajiri, mama amevaa sweta, na hakulivua mpaka Muheza.

Mahali penyewe ni pazuri kuliko nilivyotegemea. Ukuta ni mweupe wenye kijivu, na mizizi ya miti inaning'inia kutoka juu. Kama hujawahi kuuona mwamba wa namna hiyo, shika kipande mkononi: utakuta umejaa vitundu na vipande vya makombe, kwa sababu zamani ulikuwa matumbawe chini ya bahari. Chini umelika, kwa hiyo sehemu ya juu imejitokeza kama upenu wa nyumba. Unaweza kukaa hapo kivulini.

Ila bahari haikuwepo. Mbele yetu ulikuwa mchanga wenye unyevu, na mbali kabisa mstari wa buluu. Mama aliangalia kushoto na kulia kama mtu aliyefika shambani akakuta mfereji mkavu.

"Leo zamu ya nani?" akaniuliza.

Hapa inafaa nieleze. Kwetu maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Ukikuta pakavu, ujue kuna mwenzako huko juu ameyageuzia kwake, na unapanda kumuuliza, kwa adabu au bila adabu. Mama hakujua namna nyingine ya maji kukosekana.

Mwanamke aliyekuwa akichimbua chaza karibu nasi alisikia, akainuka.

"Shikamoo mama. Hakuna aliyeyachukua. Yamekupwa tu, yatarudi."

"Marahaba mwanangu. Yatarudi yakipanda?"

"Yakipanda."

Mama akanigeukia. "Unamsikia? Eti maji yanapanda! Na wala haoni aibu."

Yule mwanamke akacheka. "Ninyi wa milimani maji yenu yakiondoka ndiyo basi, hata kuaga hayaagi. Ya kwetu yamefundwa."

Tukakaa chini ya upenu wa mwamba, tukala viazi tulivyobeba. Mama alikuwa na jambo moja tu: alitaka kuusikia ule ukuta ukigongwa, mahali alipousikia mume wake. Aliweka kiganja chake juu ya jiwe, akakiacha hapo.

Mchana ulipogeuka, ule mstari wa buluu ulianza kusogea. Ulikuja polepole, ukijaza nyayo za watu moja baada ya nyingine. Ndipo kijana aliyetuendesha akashuka kutoka kwenye gari.

"Mama, twende. Ukungu ukitukuta kwenye kona za Soni kule mlimani tutalala njiani."

"Mwanangu, subiri kidogo. Zamu yangu imefika."

Maji yalikuwa bado mbali na ukuta. Mama alivua viatu, akayafuata mpaka yalipoishia, akageuka na kuanza kurudi huku akikokota kisigino mchangani. Nilimwelewa mara moja. Alikuwa akichimba mfereji, kama anavyofungulia maji kwenye matuta ya karoti. Wimbi dogo likaingia, likafuata njia yake, likamfika miguuni na kuzama mchangani. Mwamba ulikuwa bado mbali mbele yake, mkavu.

Aliangalia pale chini kidogo, kisha akavaa viatu, tukaondoka.

Sasa magoti hayamruhusu tena safari ndefu. Nikienda kumwona, asubuhi tunatembea taratibu mpaka ukingoni mwa mlima, mahali unapoweza kuiona Mombo chini. Kukiwa na ukungu, nyika yote inafunikwa, na weupe unapanda mpaka kwenye majabali yaliyo chini ya miguu yetu.

"Yamejaa," husema mama. Huinamisha kichwa upande wa sikio linalosikia vizuri, nami hunyamaza ili nisimharibie.

"Lakini hayagongi," husema baadaye, na tunarudi nyumbani.