Mkono wa Kulia wa Symon

Symon alipobatizwa, mama yake, Mariota, aliushika mkono wake wa kulia na kuufunika kwa shali, maji yasiuguse. Sisi Waskoti wa mpakani na Uingereza tulifanya hivyo kwa watoto wa kiume. Mkono usiobarikiwa uliweza kuua Mwingereza bila dhambi, na Waingereza walikuwa wamemuua mume wa Mariota mimba ikiwa ya miezi saba.

"Utajuta, binti," alisema Padri Ninian.

"Nitajuta akikua goigoi. We mwaga maji yako, Padri."

Goigoi hakuwa, ila hakuwa na moyo wa kuchinja hata kuku. Mkono ule aliutumia kukamulia ng'ombe na kukandia mkate wa shayiri. Vijana wenzake wakamwita Bibi Symon, naye akacheka nao. Aliyeumia ni mama yake.

Uskoti ilipoita watu waende kuukomboa mji wa Berwick uliozingirwa na Waingereza, Mariota mwenyewe aliuteremsha mkuki wa marehemu ukutani.

"Mkono huo nimekutunzia miaka kumi na tisa. Usiniaibishe."

"Sawa, mama. Sasa Madoa atakamuliwa na nani?"

"Toka hapa na ng'ombe wako!"

Hayo ndiyo maneno aliyomuaga nayo mwanawe wa pekee, Mungu amsamehe.

Vita vilipiganwa kwenye kilima cha Halidon. Kesho yake Mariota alimtafuta Symon kati ya maiti zilizovuliwa kila kitu, akamtambua kwa kidole gumba kilichopinda. Alikuwa chini kabisa ya kilima, kwenye kinamasi, na mishale mitatu kifuani. Waingereza walirusha kutoka juu. Symon hakumfikia hata mmoja wao.

Padri Ninian alikuwa akiliombea shimo la kuzikia. Mariota akamshika joho.

"Padri, umalizie mkono wake. Atafikaje kwa Mungu nusu nusu?"

"Wafu hatuwabatizi, binti yangu."

"Kosa ni langu, si lake!"

Padri alilia, lakini hakuthubutu. Basi Mariota alichota maji kwa kiganja, akapiga magoti, akaanza kuuosha mwenyewe, kidole kwa kidole, akisugua na kutafuta damu ya Mwingereza aliyoingoja tangu siku ile ya ubatizo. Palikuwa na tope tu, na lilipotoka, mkono ulikuwa safi.