Fundo Moja ni Buluu

Nyumbani kwao wanamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na jina hilo halikumtoka hata alipotimiza miaka thelathini na minne. Ni fundi wa kufuma masweta. Haoni tangu akiwa na miaka tisa. Husukuma kigari cha mashine yake kulia, kushoto, kulia, midomo ikihesabu safu kimyakimya, na shingo ya sweta lake hukaa sawasawa kama iliyopimwa kwa rula.

Wiki sita zilizopita alihama kwa mama yake, akapanga chumba kimoja juu ya duka la vioo. Siku ya mkataba mwenye nyumba alimnyooshea mama kalamu.

"Mpe atakayelala humu," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Kitinda akaweka kidole chini ya mstari, akasaini. Lakini hata kabla hawajateremka ngazi, mama alitoa sharti lake: siku kazi ikimharibikia, siku moja tu, begi litafungwa na watarudi nyumbani wote wawili. Kitinda akakubali. Alikipenda mno kile chumba. Kikombe alichokiweka dirishani jioni, asubuhi alikikuta palepale dirishani, na hilo kwao halijawahi kutokea.

Nyuzi zake huzitambua kwa mafundo. Muuzaji humtajia rangi, naye papo hapo hufunga ncha: fundo moja ni buluu, mawili ni damu ya mzee, matatu ni kijivu.

Jumamosi akaja dada yake mkubwa, mwanamke mwenye moyo mpana na mikono isiyojua kutulia. Kitinda alipoteremka kuchota maji, dada akakunja nguo, akafuta meza, kisha akaziona nyuzi. Huruma ikamshika. Maskini mdogo wangu, akawaza, mafundo yote haya atayafunguaje? Akaketi kitandani akayafungua moja baada ya jingine, akaacha fundo moja kwenye kila ncha ili uzi usikimbie. Aliondoka bila kusema neno. Alitaka liwe jambo la kimya, la kidada.

Jumatatu mwalimu mtunza stoo wa shule ya jirani alikuja kuchukua masweta manane ya buluu. Mama na dada walikuwepo. Walikuwa "wanapita tu", kama walivyopita kila Jumatatu. Mwalimu akatandaza sweta la kwanza, la pili. La tatu alilishika muda mrefu, kisha akamgeukia mama.

"Mama, hebu mwambie fundi, hili lina mkono mmoja wa damu ya mzee."

"Niambie mimi, mwalimu," Kitinda akasema. "Macho ndiyo yaliyogoma. Masikio bado yanakwenda kazini."

Mwalimu akakohoa. "Samahani, fundi. Mawili ni sawa. Hili lina mkono wa watu wengine. Matano yaliyobaki ni ya kijivu."

Nyuma yao begi likaburuzwa kutoka uvunguni. Ni mama, anapakia nguo. Alianza na khanga.

Kitinda alipapasa nyuzi rafuni. Fundo moja. Fundo moja. Fundo moja tena. Vidole vikasimama.

"Nani kafungua mafundo yangu?"

Dada angeweza kunyamaza. Naye pia alikuwa na hamu ya kumrudisha mdogo wake nyumbani, na begi lilikuwa tayari limejaa nusu.

"Mimi," akasema. "Nilidhani ni uzi uliojisokota."

"Unaona sasa?" mama akasema. "Ungekuwa nyumbani haya yasingetokea."

"Ningekuwa nyumbani, mama, dada angeyafungua kila siku."

Mwalimu aligeuka akasoma kalenda ukutani, ingawa ilikuwa ya mwaka uliopita.

"Mwalimu, mnayahitaji lini?"

"Ijumaa asubuhi."

"Njoo Alhamisi."

Mwalimu alipokwenda, Kitinda aliketi sakafuni akatafuta mshono wa sweta la tatu, akaukata, akaanza kuufumua ule mkono. Uzi ulitoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa.

"Mama, njoo unitajie rangi za zile za rafuni. Dada, nyoosha mikono nikuzungushie uzi. Usifanye kingine."

Mama akabaki na khanga mkononi. Kisha akaitupa kitandani, akavuta kigoda. "Kijivu," akasema. Kitinda akafunga mafundo matatu. "Damu ya mzee." Mawili. Kwa uzi wa tatu mama alishika ncha mwenyewe, akaanza kufunga.

"Mama. Wewe taja tu."

"Buluu," mama akasema, akamwachia.

Walifanya kazi hiyo hadi adhuhuri. Dada alilalamika mabega yanauma, akaambiwa hiyo ndiyo adhabu, akacheka. Hakuna aliyelitaja begi, na walipoinuka kuondoka, mama ndiye aliyezitoa nguo humo, akauliza kila moja inakaa wapi.

Mlangoni alisitasita. "Nije lini?"

Hakuwahi kumuuliza hivyo.

"Jumapili. Nitapika mimi."

"Nilete nini?"

"Njaa," Kitinda akasema, na tayari alikuwa ameshika kigari cha mashine.