Jiwe Walilolifagia

Mpaka leo mtu akiniambia "dada, picha yako safi," damu inanichemka. Najua ananisifu. Lakini usafi huo ulimnyang'anya mama yangu mahali pake pa kazi, na nina hasira na kila aliyehusika, nikianza na mimi mwenyewe.

Mama alikuwa anaanika dagaa kwenye jiwe. Ni jiwe bapa, pana, linateremka taratibu mpaka ziwani, na ng'ambo ya maji unaona vilima vya Sengerema. Yeye na wenzake saba walinunua dagaa wabichi alfajiri mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, wakawamwaga pale, wakawatandaza kwa fagio. Mchana wakawageuza, jioni wakawajaza kwenye magunia. Juu ya jiwe dagaa wanakauka upesi na hawashiki mchanga. Wale wa mchangani, mteja wa sokoni Kisesa akiwatafuna mara moja, hakurudii tena. Ada yangu ya shule yote ilitoka juu ya jiwe lile.

Nilipopata kamera nilikwenda kujifunza kwa mzee mmoja mwenye studio mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akaichukua picha yangu ya kwanza ya pale jiweni. Mlikuwa na akina mama, ndoo, magunia, kunguru, na ziwa kwa mbali.

"Hii ni mandhari au mnada?" akaniuliza. "Ziwa limekukosea nini mpaka ulifunike kwa ndoo?"

Nikaona aibu, nikaifuta palepale mbele yake. Naye akanifundisha, na siwezi kumnyima haki yake, alijua kazi. Mstari wa maji usikate picha katikati. Tafuta kitu cha mbele kilishike jicho na kulipeleka mbali. Subiri mwanga. Na kila kisichosaidia, toa! Hilo la kutoa alilirudia mpaka nikaliota.

Kwenye jiwe la mama kulikuwa na ufa mweupe, unaanza pembeni na kwenda mpaka majini. Ukichuchumaa upande wa kushoto, ufa ule unalichukua jicho moja kwa moja hadi vilimani. Nilipougundua nilipiga kelele kama mwehu. Kasoro ilikuwa moja tu: watu.

"Mama, sogeeni kidogo," nikasema. "Na hizo ndoo."

Mama akawageukia wenzake. "Jamani, tumpishe mtoto apige picha."

Wakampisha mtoto. Waliwakusanya dagaa ambao hawajakauka, wakalifagia jiwe mpaka likabaki safi, wakabeba ndoo zao, wakaja kusimama nyuma yangu. Nilifanya hivyo karibu kila Jumamosi, miaka miwili. Wakati mwingine niliwasimamisha hata nusu saa, eti nasubiri wingu lisogee. Na wala sikuwa na adabu! Siku moja nilifoka, "Mama, kivuli chako kimeingia!" Akarudi nyuma haraka, fagio mkononi, jua la asubuhi kisogoni, akaniomba radhi kwa kivuli chake. Mama yangu mzazi. Nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Picha zikawa nzuri, tena nzuri kweli. Mzee aliikuza moja akaitundika mlangoni pa studio, nyingine nikazirusha mtandaoni, watu wakasifia weee.

Halafu akaja bwana mmoja kuomba apewe ufukwe ule aweke sehemu ya kupumzikia wageni. Tukaitwa kwenye mkutano wa mtaa. Mama akasimama, akasema wanaanika pale tangu mimi sijazaliwa. Ofisa aliyeendesha mkutano akauliza wana uthibitisho gani. Karatasi hawakuwa nayo hata moja. Nani anaandikishiana karatasi na jiwe?

Mama hakutetereka. "Binti yangu huyu ni mpiga picha," akasema, tena kwa maringo. "Ana picha za pale tele."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nazo mamia, na ndani yake hapakuwa na fagio, wala ndoo, wala dagaa mmoja.

Kabla sijafungua mdomo, yule bwana akatoa faili lake. Ukurasa wa kwanza ilikuwa picha yangu, ufa mweupe na vilima, chini yake imeandikwa: eneo wazi, halina shughuli.

"Hiyo picha ni yangu!" nikapayuka. "Walikuwepo! Walikuwa nyuma yangu!"

"Nyuma yako wapi?" ofisa akauliza. "Tuoneshe."

Watu wakacheka. Wakacheka! Na baadhi yao walikula dagaa wa mama yangu utoto wao wote.

Nilitoka pale mbio hadi studio, nikampandia juu yule mzee, shikamoo sikuikumbuka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Mimi nilikufundisha picha," akasema, "kesi sikukufundisha." Akaendelea kufuta lenzi yake. Nilimchukia siku ile, na sijamaliza kumchukia, ingawa najua kamera haikuwa mikononi mwake.

Sasa pale kuna uzio. Mama anaanika mchangani, na wateja wa Kisesa wamepungua.

Jioni ya mkutano nilimkuta amekaa barazani. Nilitaka anitukane, anifukuze, afanye chochote. Akaniambia tu, "Hebu nione hiyo picha." Nikampa simu. Akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya jiwe kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Tulilifagia vizuri," akasema.