Mkia wa Ndege wa Rangi ya Mchanga

Katikati ya miaka ya tisini tulihama Jinja kwenda Mbale, mume wangu, askari magereza, alipopewa uhamisho. Jinja nilizoea ndege wa ziwani. Kule Masese, ufukweni mwa Jinja, samaki wanapoanikwa, ndege huna haja ya kuwatafuta, wanakujia wenyewe. Tulifika Malukhu, kwenye nyumba za askari wa gereza la Mbale, wakati wa kiangazi, na uwanja wa mpira nyuma ya nyumba zetu ulikuwa umeungua nyasi zote, umebaki vumbi na majivu.

Hapo ndipo nilipomwona. Ndege mdogo wa rangi ya mchanga, amesimama wima kama yuko kwenye gwaride. Alikimbia kidogo, akasimama, akadonoa mdudu, akatikisa mkia, akakimbia tena. Shomoro hakuwa.

Nilikuwa na kitabu cha ndege, cha mtumba, nilichonunua sokoni Jinja. Ndani yake nikakuta ndege wawili wanaofanana naye kama mapacha. Wote hutujia kiangazi kutoka mbali. Mmoja ana mabawa ya giza na weupe mwingi mkiani. Mwingine hutoka kwenye majangwa na nyika kavu za Asia, na mkia wake ukifunguka ni mweusi karibu wote. Huyu wangu alikuwa ameufunga mkia wake.

Asubuhi iliyofuata nikalala kifudifudi vumbini, nikimkodolea macho. Sajenti jirani yetu, mtu wa kaskazini, akanikuta.

"Mama, umeanguka?"

"Hapana, afande. Nangoja afungue mkia."

"Nani?"

Nikamwonyesha. Akapiga magoti kando yangu na yunifomu yake ya kazi.

"Huyu mimi naona Karamoja, mingi sana. Lakini mkia yake sijaangalia."

Tukangoja, jua likitupiga mgongoni. Mara mbuzi akakatiza uwanjani, na ndege akaruka chinichini. Weupe kidogo kiunoni, kisha weusi mpana hadi ncha.

"Nyeusi!" sajenti akapiga kelele, magoti yamejaa majivu. "Mama, ni nyeusi!"

Alikuwa wa jangwani. Siku nzima nilijiuliza alipita wapi, na aliuonaje uwanja wetu kutoka juu.

Jioni vijana walipokuja na mpira, sajenti akawaamuru wachezee nusu moja tu ya uwanja.

"Huko iko mgeni," aliwaambia.

Walimcheka, kisha wakabeba mawe ya goli wakayasogeza.