Dada Yangu Ndani ya Kisanduku cha Mdoli

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na chanuo mkononi. Sikuota, wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja hapa Gede. Wazazi wetu walikuja huku kutoka Ukambani tukiwa wadogo, mimi na dada yangu Mwikali. Yeye akaolewa na Kazungu, mtu wa Ganda, wakajaliwa binti mmoja, Neema. Mwaka jana Mwikali akafariki kwa maradhi ya figo. Hayo ni ya Mungu, sina la kusema. Langu mimi ni lile alilofanyiwa baada ya kufa.

Tulikuwa tunapanga ibada ya kumkumbuka. Siku moja Kazungu akatuma picha kwenye kundi letu la familia. Alikuwa amechukua picha ya Mwikali ya studio, ile ile tuliyoiweka juu ya jeneza, akaitia kwenye programu ya simu inayogeuza watu kuwa midoli. Unazijua picha hizo. Mtu anakuwa kidoli kinachong'aa, kimesimamishwa mezani juu ya kisahani cha plastiki, na nyuma yake kisanduku cha dukani chenye jina lake kwa herufi za rangi. Ndivyo alivyofanywa dada yangu. Kama kitu cha kununuliwa kikapangwa kabatini. Na watu wazima, shangazi zetu wenye akili timamu, wakabandika mioyo na kuandika kwamba amependeza.

Amependeza kwa lipi? Shavu lake lilikuwa laini kama yai. Mwikali alikuwa na kovu la moto kutoka sikioni hadi kidevuni. Alilipata utotoni, alipoingia jikoni kunitoa mimi, makuti yakiwaka juu yetu. Bila kovu lile nisingekuwa hapa nikikusimulia. Nilimpigia Kazungu papo hapo. Akanijibu kwa upole kwamba ni yeye aliyeiagiza programu iliondoe kovu, na kwamba picha hiyo ndiyo iliyokwenda kuchapishwa kwenye fulana za ibada.

"Shemeji, ni picha tu," akasema.

Nilikata simu kwa hasira.

Jumamosi iliyofuata stima zikapotea, wateja wakaadimika. Mwanamke mmoja akaingia, amejitanda leso hadi puani. Akaketi kwenye kiti bila salamu, akasema anataka kufumuliwa nywele. Nikasimama nyuma yake, nikaishusha leso, nikaingiza chanuo. Likagonga. Niamini, liligonga kama mtu anayegonga beseni. Misuko niliiona, mistari imenyooka vizuri, lakini nywele hazikuwapo. Kilikuwa kitu kimoja kigumu kilichoshikana na kichwa. Nikapapasa nitafute pa kuanzia kufumua, sikupapata. Kichwa kilikuwa baridi, na kilinuka kama ndara mpya za plastiki.

Ndipo nikainua macho kwenye kioo.

Alikuwa Mwikali, lakini yule wa kwenye picha. Shavu laini. Tabasamu limeganda. Unafikiri nilipiga kelele? Hofu ilikuja, sikatai, lakini hasira iliipita. Nilijiuliza, hivi ndivyo walivyomfanya mtu wetu?

"Nilikwenda nyumbani," akasema. Sauti ilikuwa yake kabisa, ya kukwaruza kidogo, ila midomo haikusogea. Akainua mkono ulioshikana vidole, akajipapasa shavu kama anayetafuta kitu gizani. "Mtoto wangu alizoea kunishika hapa ndipo alale. Hakunijua. Amenikimbia."

Akainuka, akatoka taratibu bila kukunja magoti, jua likimeremeta mgongoni mwake. Mama Zarina, mwenye duka la vitambaa mkabala nami, akaja kuniuliza mteja yule ana ugonjwa gani wa miguu. Kwa hiyo usiniambie niliona peke yangu.

Nilifunga saluni, nikachukua bodaboda hadi Ganda. Kazungu nikamkuta sebuleni na katoni ya fulana. Nikamweleza yote. Akanipa pole, akasema ni huzuni tu iliyonizidi mimi. Nikamuuliza Neema yuko wapi. Akasema mtoto amelala kwa jirani tangu jana, hataki kuingia nyumbani, anadai kuna mtu dirishani aliyevaa nguo za mama yake, na si mama yake.

Akaketi juu ya ile katoni. Akaniambia alitaka watu wamkumbuke akiwa mzuri.

"Ulimuoa na kovu," nikamwambia. "Nani alikulalamikia?"

Akalia. Akaifuta picha mbele yangu, na fulana hazikuvaliwa. Ibada ikafanywa kwa picha ya studio, jinsi alivyokuwa. Neema sasa anakaa nami, kwa sababu nyumba ile hataki kuiona tena.

Ungedhani yameisha? Picha ilikuwa imeshasambaa. Binamu yetu wa Ngomeni aliiweka tena kwenye simu yake, na wiki hiyo hiyo akanipigia kuuliza ni nani anayesimama uani kwake juani, haketi wala hasalimu. Nilimfokea mpaka akaifuta. Nitamfokea na mwingine, na mwingine. Mimi nywele za wateja bado nasuka, lakini kabla sijashika chanuo namgusa mtu kichwa kwanza, nihisi kama kina joto. Wapo wanaonicheka.

Wewe mwenye picha ya marehemu kwenye simu, iache kama ilivyo. Kama ana pengo, muachie pengo lake. Na kama mkono unakuwasha, basi itie picha yako mwenyewe kwenye programu ile, uone utafurahi vipi siku utakapokutana na mdoli wako barabarani.