Namba Thelathini na Moja

Kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano, Mzee Tiki alifungua daftari lake lenye jalada gumu, akapiga mstari kwa rula, akaandika: Kazi za Leo. Ya kwanza ilikuwa ile ile siku zote: kuandika orodha ya kazi. Aliiwekea tiki papo hapo, ili siku walau ianze na ushindi.

Alikuwa karani wa masjala, chumba cha mafaili chenye dirisha moja lisilofunguka. Akimaliza kupanga mafaili, bosi anataka taarifa ya upangaji. Akimaliza taarifa, kinaitishwa kikao cha kuijadili. Na kikao, kama tujuavyo, ni mahali ambapo wasio na kazi huwaongezea kazi walio nazo.

Mwaka ule alitaka kitu kimoja tu: kumwona mjukuu wake wa kwanza. Binti yake aliishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Mtoto alipozaliwa, mzee aliomba likizo siku hiyo hiyo.

"Hilo dogo, mzee wangu," bosi alisema. "Litashughulikiwa."

Akasubiri. Binti alikuwa akipiga simu mchana.

"Baba, ameanza kukaa."

"Nakuja, mama. Nasubiri barua tu."

"Baba, ameota jino."

"Nakuja."

"Baba, anatambaa! Ukizidi kuchelewa atakufuata mwenyewe huko ofisini."

Mzee alicheka mpaka akafuta macho, kisha akarudi kwenye orodha.

Mwezi wa kumi daftari lilijaa. Kuhamishia viporo kwenye daftari jipya nako kukawa kazi, nayo ikaorodheshwa. Sekretari wa bosi akamsaidia kwa kumsomea daftari la zamani.

"Mzee, hii namba thelathini na moja mbona kila siku unaiandikia 'kesho'?"

"Ipi hiyo?"

"'Kuandaa barua ya ruhusa ya likizo, karani wa masjala.'"

Mzee Tiki akavua miwani. Barua zote za likizo ziliandaliwa masjala. Bosi alikuwa amelirudisha ombi lile kwenye rundo la kazi za masjala, na masjala ilikuwa yeye. Miezi kumi aliinakili kazi ile kila asubuhi, mkono ukiandika, macho yakiwa kwenye kazi inayofuata.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "aliyeninyima likizo ni mimi."

"Na una roho mbaya kweli, mzee," sekretari akamjibu.

Barua ilimchukua dakika kumi na moja. Bosi akaitia saini bila kuisoma.

"Ila kabla hujaondoka, niachie orodha ya kazi ambazo hujamaliza."

Mzee akarudi mezani, akafungua daftari jipya, akapiga mstari kwa rula. Akaandika neno moja: Zote. Akaliwekea tiki, akachukua koti lake.

Siku mbili baadaye alibisha hodi kwa binti yake. Mjukuu alimtazama yule mgeni mlangoni, akaangua kilio, akajikongoja hadi kwa mama yake. Kwa miguu yake mwenyewe.