Feni ya Injini Yetu Ina Ufa Ninaoujua Mimi Tu

Admin, shikamoo, na shikamooni wakubwa wote mnaosoma hapa. Naomba jina langu libaki kwako, kwa sababu niliyemkosea bado hajui.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha nne, shule ya bweni mkoani Lindi. Nimechoka, na si kwa masomo.

Shule yetu ilipewa mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kitokee, kama mama anavyoshona ukili kwa ukili mpaka apate mkeka. Mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba siku hizi baadhi ya vipuri vya injini za ndege, vya sehemu zisizo na joto kali, hutengenezwa hivyohivyo kwa plastiki ngumu badala ya chuma. Mimi na rafiki yangu, nimwite Zuhura, tukaamua kutengeneza mfano wa feni ya mbele ya injini kwa ajili ya maonyesho ya sayansi.

Feni moja inachukua saa tisa. Umeme ulitukatikia mara nne, na mara nne tulitupa kazi, kwa sababu plastiki ikishapoa, tabaka jipya halishikani vizuri na la chini. Mwalimu alisema, "Kwenye ndege hakuna kuunga. Umeme ukikatika, anzeni upya."

Mara ya tano uzi ulikuwa wa mwisho. Zuhura alikwenda kuswali alasiri, nikabaki zamu. Umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika kumi. Mashine ikauliza kama iendelee. Nikabonyeza ndiyo. Ilipomaliza ulibaki mstari mwembamba kama unywele. Nikausugua kwa msasa, nikapaka gundi, kisha rangi.

"Huku haukukatika?" Zuhura aliniuliza aliporudi kutoka kuswali. "Msikitini spika ilinyamaza."

"Haukukatika."

"Basi wewe umeme unakuogopa," akacheka.

Tulishinda wilayani, ambako feni ilizungushwa kwa mkono. Jumatatu tunakwenda maonyesho ya kanda, Mtwara. Huko itafungwa kwenye mota na kuzungushwa kwa kasi, na atakayesimama karibu kuiwasha ni Zuhura. Kila nikifumba macho naona panga la feni likikatika palepale kwenye mstari na kumpiga usoni.

Mama ameshatangaza kwetu Mitwero nzima kwamba mwanawe anatengeneza ndege. Ameninunulia na viatu. "Ukifika Mtwara usiinamishe kichwa," aliniambia. Nikainama palepale, nikajifanya nafunga kamba.

Nikisema, uzi mwingine hakuna, safari huenda isiwepo, na Zuhura atajua nilimdanganya. Jana nilimwambia, "Siku hiyo tusimame mbali kidogo."

"Shoga, feni yetu wenyewe tuiogope?"

Sijawaandikia mnitafutie njia ya kunyamaza. Najua ni lazima niseme kabla ya Jumatatu. Pengine mwalimu atakubali twende na feni isiyozunguka, tuwaeleze watu kwa nini haizunguki. Ila kila nikifika mlangoni kwake nasema shikamoo, anaitikia marahaba, halafu nageuka nilikotoka.

Nishaurini, dada zangu na kaka zangu. Baada ya ile marahaba, neno la kwanza niseme lipi?